Somo: Kuipima gemu ya bure ya mtindo wa anime kabla ya kuisifu (mfano wetu ni Genshin Impact)

Somo hili ni kwa wanachama wa Malindi na Lamu wanaotaka kuandika mapitio ya gemu za simu kwa Kiswahili. Mapitio mengi yanayozunguka huishia kwenye "picha kali, hadithi tamu, iko bure, ishushe". Mwandishi amecheza siku mbili, akapewa zawadi za ukaribisho, akafurahi. Gemu za aina hii hutoa kwa mkono mkunjufu mwanzoni, kisha mkono hufungwa taratibu. Kwa hiyo hupimwa vizuri pale zawadi za mwanzo zinapokwisha, na swali la kujibu ni moja: bure hii inamgharimu nini mchezaji, kwa bando, kwa nafasi ya simu, kwa muda na kwa pesa?

Tunatumia Genshin Impact kwa sababu wengi mnaijua. Ilitolewa tarehe 28 Septemba 2020 na kampuni ya miHoYo ya China, na kila siku 42 hivi huja toleo jipya. Mapitio yoyote yaandikwe toleo lililochezwa hapo juu kabisa, maana taratibu hubadilika.

Hatua ya 1: Andaa simu na bando

Kile unachoshusha dukani ni kidogo. Mzigo wenyewe unakuja ukishafungua gemu. Acha wazi GB 30 hadi 35, kwa sababu mafaili yanapofunguliwa huhitaji nafasi ya ziada kwa muda. Chagua lugha moja tu ya sauti (zipo Kiingereza, Kichina, Kijapani na Kikorea, Kiswahili hakimo hata kwenye maandishi). Kila lugha ya ziada inakula nafasi.

Kabla hujaanza, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uandike gemu imekula kiasi gani. Andika tena baada ya kushusha, na tena baada ya saa moja ya kucheza. Namba hizo tatu zina faida kwa msomaji wa Mpeketoni au Muyeye kuliko aya nzima ya sifa. Utaona kwamba kucheza kwenyewe hakuli sana. Bando linamalizwa na masasisho.

Hatua ya 2: Chagua seva, na uchague mara moja

Kuna seva nne: Marekani, Ulaya, Asia, na ile ya Taiwan, Hong Kong na Macau. Afrika haina. Orodha ya seva huonyesha ucheleweshaji kwa milisekunde. Kwa walio wengi pwani yetu, Ulaya husoma chini kuliko Asia. Msifuate mazoea tu, someni namba mara tatu kwa nyakati tofauti, hasa baada ya Isha mtandao unapojaa.

Maendeleo hayahamishwi kutoka seva moja hadi nyingine. Anayeanza Asia kwa sababu ya binamu yake aliye Muscat, kisha akataka kucheza na wenzake wa Langoni walio kwenye seva ya Ulaya, ataanza upya na mhusika mtupu.

Jambo jingine ambalo mapitio ya kigeni hayatakwambia: siku ya seva huanza saa kumi alfajiri kwa saa za seva yenyewe. Kwetu, seva ya Ulaya hugeuka saa kumi na mbili asubuhi, ya Asia saa tano usiku, ya Marekani saa sita mchana. Kwa mtu anayetoka kazini jioni, Ulaya inampa usiku mzima kumaliza kazi za siku. Wa Asia ana saa chache tu.

Hatua ya 3: Jaribu mapigano kwa wahusika wa bure

Msihukumu mapigano kwa mhusika wa nyota tano (daraja la juu kabisa) aliyeangukia mkononi mwako kwa bahati. Msomaji wako hatakuwa naye. Tumieni wale ambao hadithi humpa kila mtu: Msafiri, Amber, Kaeya na Lisa.

Gemu ina elementi saba, yaani nguvu za asili (Pyro ya moto, Hydro ya maji, Electro ya umeme, Cryo ya barafu, Anemo ya upepo, Geo ya mawe na Dendro ya mimea, hii ya mwisho ikiingia kwa wachezaji na toleo la 3.0 Agosti 2022), na utamu wote uko kwenye kuzigonganisha. Jaribio la dakika tano: tafuta adui mmoja asiye na elementi yake. Mpige kwa mshale wa Amber uliovutwa hadi ukawaka moto, andika namba inayoruka. Ngoja moto uzimike kwake. Sasa mgandishe kidogo kwa ustadi wa Kaeya, badilisha haraka hadi Amber, mpige mshale uleule. Pyro juu ya Cryo huzidisha pigo mara mbili. Ukigeuza mpangilio, Cryo juu ya Pyro, ni mara 1.5. Rudia mara tatu, kwa sababu kila mhusika ana asilimia 5 ya pigo la bahati linaloongeza nusu, na hilo huvuruga hesabu.

Hapa Genshin inastahili sifa. Mfumo huu unasomeka kwa macho, na mtu mwenye kikosi cha bure anayejua mpangilio humshinda mwenye wahusika ghali anayebonyeza ovyo.

Hatua ya 4: Fungua hesabu ya gacha

Hapa ndipo mapitio mengi huwa bubu, na ndipo msomaji anapohitaji kushikwa mkono.

Wahusika wapya hupatikana kwa kuvuta, yaani bahati nasibu. Mvuto mmoja ni Primogem 160 (vito vinavyotumika kama fedha ndani ya gemu). Nafasi ya kupata nyota tano kwa mvuto mmoja wa bango la wahusika (ukurasa wa bahati nasibu unaomtangaza mhusika fulani) ni asilimia 0.6. Kuna kikomo: ukifika mvuto wa 90 bila nyota tano, unapewa kwa lazima. Wachezaji wamehesabu na kuona kwamba kuanzia mvuto wa 74 hivi nafasi hupanda kwa kasi, kwa hiyo wachache hufika 90.

Lakini nyota tano hiyo si lazima awe yule aliyechorwa kwenye bango. Mara ya kwanza ni nusu kwa nusu. Ukikosa, anayefuata ni lazima awe yeye. Tangu toleo la 5.0 la Agosti 2024 kuna utaratibu unaoongeza nafasi hiyo kidogo, ila kwa mapitio andika hali mbaya kabisa: mivuto 180, ambayo ni Primogem 28,800.

Sasa geuza iwe muda. Kazi nne za kila siku, pamoja na zawadi ya kuzikamilisha, hutoa Primogem 60. Kwa siku 42 za toleo zima ni 2,520, mivuto isiyofika 16. Vyanzo vingine vipo: matukio, makasha ya hazina, misheni, na Primogem 300 za misimbo inayotolewa kwenye tangazo la kila toleo jipya (hufa upesi, na huitumii kabla ya akaunti yako kufika ngazi ya 10). Lakini makasha ya ramani yakishafunguliwa hayajirudii. Ndiyo maana mgeni huvuta sana mwezi wa kwanza akadhani gemu ni karimu.

Geuza pia iwe pesa. Pakiti kubwa kabisa ni dola 99.99, nayo hutoa fuwele 8,080, kila moja ikibadilishwa kuwa Primogem moja. Ukiinunua mara ya kwanza, 12,960. Kumpata mhusika mmoja katika hali mbaya kabisa bila akiba yoyote ni pakiti tatu hadi nne. Andika hivyo hivyo, bila kupamba, na uongeze bei ya shilingi uliyoiona kwenye skrini yako siku hiyo. Kifurushi cha dola 4.99 cha siku 30 ndicho chenye nafuu: fuwele 300 papo hapo na Primogem 90 kila siku unayoingia, jumla 3,000. Siku usiyoingia, 90 zake zimepotea.

Bango la silaha mgeni aliache. Lina kikomo chake cha 80, na nyota tano yake ya kwanza huenda isiwe silaha unayoitaka.

Hatua ya 5: Pima resini, kwa sababu ndiyo saa ya gemu

Resini ndiyo inayolipia zawadi za mabosi (maadui wakubwa) na mapango ya vifaa. Inajirudisha moja kila dakika 8 na huishia 200. Ni kama tangi la maji ya mfereji: likijaa, kinachoendelea kuja kinamwagika bure. Kutoka sifuri hadi 200 ni saa 26 na dakika 40, kwa hiyo mtu akiingia mara moja kwa siku hapotezi kitu. Hadi toleo la 4.7 mwaka 2024 tangi lilikuwa la 160 na lilijaa chini ya siku moja; malalamiko yalikuwa ya haki.

Kwa siku unapata resini 180, na pango moja ni 20, yaani mara tisa. Chukua mfano wa kikombe, kimoja kati ya vipande anavyovaa mhusika ili kuongeza nguvu, chenye nyongeza ya elementi ya mhusika wako. Pango hutoa seti mbili, hivyo nusu ya vipande si vyako. Vipande ni vya aina tano, kikombe ni kimoja. Na kikombe kuwa na elementi unayotaka ni asilimia 5. Zidisha: kipande kimoja kati ya 200. Kwa mara tisa kwa siku ni wiki tatu hivi kwa wastani, na bado sifa ndogo ndogo za kikombe hicho zinaweza kuwa takataka.

Msomaji akishaiona hesabu hii ataelewa kwa nini wachezaji wa zamani huingia dakika kumi na tano, humwaga resini, hutoka. Wapo wanaoupenda utaratibu huo. Anayetaka kukaa saa nne kila jioni akisonga mbele, hii si gemu yake baada ya ramani kuisha.

Hatua ya 6: Hadithi, muziki, sura

Hapa andika unachohisi. Mondstadt ni uwanda wa upepo, Liyue imejengwa kwa sura ya China, Inazuma kwa sura ya Japani, na muziki wa kila nchi una vyombo vyake. Kasoro kubwa ni mazungumzo: ni marefu mno, na sehemu nyingi hazirukiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Maweni, Malindi): Simu yangu ni RAM 4 GB. Nijaribu au nisijisumbue?

Jibu: Itafunguka, ila itakwama mjini kwenye watu wengi na itachemka. Weka picha kiwango cha chini, fremu 30 kwa sekunde, vivuli chini kabisa, zima ukungu wa mwendo (motion blur). Kivue kifuko cha simu na usicheze ikiwa kwenye chaji, hasa msimu wa kaskazi. Ukiandika mapitio kwa simu hiyo, taja RAM yake. Kukwama huko ni habari muhimu, ila mwenye RAM 8 asidhani ndivyo ilivyo kwake.

Swali (Mkomani, Lamu): Nilienda kushusha kwa Wi-Fi ya saiba, nikarudi baada ya saa moja, haijasonga. Tatizo nini?

Jibu: Skrini ilizimika. Kwenye simu nyingi gemu ikienda nyuma, upakuaji husimama. Ongeza muda wa skrini kuzima, punguza mwanga, uiache gemu ikiwa mbele. Umeme ukikatika usifute data ya programu. Ukirudi itaendelea ilipoishia. Na toleo jipya huruhusu kushusha mapema kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo usingoje msongamano.

Swali (Shela, Lamu): Mwalimu, mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 13, laini yangu ya M-Pesa imeunganishwa na Play Store. Mapitio yenu yanasemaje kwa sisi?

Jibu: Shikamoo mama. Mapitio mazuri lazima yawe na aya yako. Gemu imepewa alama ya umri ya PEGI 12 Ulaya, yaani miaka 12 na zaidi, lakini kiwango hicho hakikuzuii kutozwa. Ingia Play Store, mipangilio, uthibitishaji wa ununuzi, uweke nenosiri kwa kila ununuzi, na nenosiri hilo mtoto asilijue. Mwezi Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano ya dola milioni 20 na kampuni inayoiendesha gemu hii huko, pamoja na sharti la kutowauzia walio chini ya miaka 16 mivuto hiyo bila ridhaa ya mzazi. Hilo ni la Marekani. Huku ulinzi ni nenosiri lako.

Swali (Barani, Malindi): Kuna jamaa anauza akaunti ya ngazi 55, wahusika kibao. Si ni njia ya mkato ya kuandika mapitio?

Jibu: Hapana, kaka. Masharti ya gemu yanakataza, na mwenye barua pepe ya mwanzo anaweza kuirudisha akaunti kwake wiki ijayo. Zaidi ya hayo, utakuwa umepima gemu ambayo msomaji wako hataiona.

Swali (Langoni, Lamu): Nicheze hadi wapi ndipo niandike?

Jibu: Andika mara mbili. La kwanza baada ya ngazi ya 20, ukishaonja kucheza na wenzako (hufunguka ngazi ya 16). La pili baada ya 45, kwa sababu hapo ndipo mapango ya ngazi ya juu huanza kutoa kipande cha nyota tano kwa uhakika kila mara, na resini huanza kuuma kwelikweli.

Swali (Ngala, Malindi): Hatua hizi zinafaa kwa Wuthering Waves?

Jibu: Zinafaa, badilisha namba. Ni ya Kuro Games, ilitoka Mei 2024. Mvuto ni 160 vilevile, ila kikomo ni 80, na bango lake maalumu la silaha halina nusu kwa nusu. Mapigano yake yanategemea kukwepa na kuzuia kwa wakati, kwa hiyo ucheleweshaji wa mtandao na fremu zinazoruka utaviona haraka zaidi. Hatua ya 2 ifanye kwa makini maradufu.