Kabla hujapanda mchicha uani, uliza palikuwa na nini

Nilipohamia Tabata, Dar es Salaam, nilikuwa na hamu moja, mchicha wangu mwenyewe nyuma ya jiko. Siku ya pili ya kulima, jembe likagonga kitu. Nikainama nikakiokota: kipande cha kijivu, hakizidi punje ya haragwe, lakini kizito kiganjani kuliko kokoto yoyote ya ukubwa ule. Nilipokikwaruza kwa ukucha kikaachia mstari unaong'aa. Pembeni yake vipande vya plastiki nyeusi, vinene. Nikaenda kwa bibi wa nyumba ya pili.

"Hapo chini ya mwembe alikaa fundi betri, mwanangu. Miaka mingi. Anazipasua hapo hapo, na maji yake anamwaga hapo hapo."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Hukuuliza."

Kile kipande kilikuwa risasi, ile metali yenye sumu ya ndani ya betri. Basi anza na kuuliza. Kabla ya jembe na kabla ya mbegu, mtafute mtu aliyekaa mtaani kwako miaka 30, balozi au mama wa vitumbua, umuulize kiwanja chako kilikuwa na nini. Gereji? Wauza vyuma chakavu waliokuwa wakichoma nyaya wapate shaba? Kifusi kilitoka wapi? Huku Tabata palikuwa na dampo la jiji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walio bondeni wajue kwamba mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kukatiza mjini hadi baharini, na mafuriko kama yale ya Desemba 2011 huacha tope jipya juu ya bustani. Kando ya barabara kuu nako kuna yake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, ila risasi iliyokwisha kutua haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Iko pale pale.

Ukiwa na wasiwasi, pima. Chukua ndoo ya plastiki na kijiko kikubwa cha stili, usitumie chombo chenye kutu au cha bati. Chota udongo sehemu kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, changanya, anika kivulini, kisha funga kama nusu kilo kwenye mfuko safi. Pale unapopashuku, kwangu ni chini ya mwembe, weka mfuko wake peke yake, la sivyo uchafu wa kona moja utapotea ndani ya mchanganyiko. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa hapa Dar, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima udongo. Waambie kwa kutaja metali zenyewe: risasi, kadimiamu, kromiamu, zinki. Kipimo cha kawaida cha mkulima ni cha rutuba tu, na unaweza kurudi nyumbani na karatasi nzuri isiyosema lolote kuhusu sumu.

Udongo ambao haujachafuliwa mara nyingi una risasi miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Marekani mwaka 2024 walishusha kiwango cha tahadhari kwenye udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Mimi ikipita 100 sipandi mboga za majani ardhini. Huo ni msimamo wangu, nina watoto.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunauogopa mchicha, tunausahau mkono wa mtoto. Risasi haipandi kirahisi kutoka mizizini hadi jani. Njia yake kubwa ni vumbi na udongo unaoingia mdomoni, na mtoto anayetambaa hula udongo kutwa nzima. Hakuna kiasi cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na hutaona dalili mapema. Kwa hiyo viatu vibaki mlangoni. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu unarusha vumbi tu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mama mjamzito asikwangue udongo wa ukutani wala wa uani akala, hata hamu ikimzidi.

Kadimiamu ni habari nyingine. Hiyo inapanda jani vizuri kabisa, na kuosha au kupika hakuitoi. Ukiwa nayo, acha mchicha na matembele ardhini, panda mboga za matunda. Matunda hubeba kidogo kuliko majani.

Mchicha wangu mimi umehamia juu. Nilitandika mifuko ya salfeti chini tabaka mbili, nikainua tuta la sentimita 30 kwa matofali, nikajaza udongo wa nje na samadi iliyooza, ndoo moja ya samadi kwa mbili za udongo. Mwenye lori la udongo mwekundu muulize nao umechimbwa wapi. Tairi sizitumii, mpira wake una zinki nyingi. Tuta likae mbali na ukuta wenye rangi ya zamani inayobanduka na mbali na matone ya paa la bati. Kila msimu naongeza mboji, maana udongo wetu wa kichanga haushiki kitu, na mboji ndiyo inayozibana metali zisielee kwenye maji ya mmea. Chokaa ya kilimo husaidia pale udongo ulipo na asidi. Jivu la kuni safi pia, lakini kidogo, na si jivu la mbao zilizopakwa rangi.

Kumwagilia ni kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya mtaro wa viwandani hapana, hata kiangazi kiume vipi.

Pale chini ya mwembe sijapanda kitu. Nimemwaga kokoto, juu yake zege jembamba, na ndipo ninapoanikia nguo. Maembe yake tunakula, tukishayaosha.