Jinsi ya kujua tetemeko limetokea mbali kiasi gani ukiwa Dodoma

Wana Dodoma wenzangu, sisi tupo ndani ya Bonde la Ufa, ukishuka kule Bahi unaliona kabisa kwa macho, ardhi inavutwa huku na huku milimita chache tu kwa mwaka, miamba inakaza inakaza weee mpaka siku inaachia ghafla kwenye ufa, ndo tetemeko hilo.

Sasa ukisikia mtikiso wa kwanza, ule kama lori limepita nje na vikombe vinagongana kabatini, anza kuhesabu sekunde hapohapo. Hilo ni wimbi P, linasukuma na kuvuta kama abiria waliosimama kwenye daladala dereva akikanyaga breki, linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde. Nyuma yake linakuja S, kama kilomita 3.5, hili linayumbisha kama kamba ukiitikisa, mpaka maji ya kwenye ndoo yanamwagika. Likifika acha kuhesabu, zidisha sekunde zako mara 8, yani sekunde 10 ni kama kilomita 80 hivi.

Ila jamani hesabu ukiwa tayari chini ya meza imara, mbali na madirisha, na kama una watoto washike uhesabu nao kwa sauti.