Somo: Kabla ya kuchagua tofali, jua uzito wa paa unapita wapi

Wengi huanza na swali la "tofali au mbao?" Hilo liwe la pili. La kwanza ni: uzito wa paa unafikaje ardhini?

Hatua ya 1: Fuata uzito. Njia kuu ni mbili. Ama ukuta wenyewe unabeba, yaani kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinakalia ukuta na ukuta unakalia msingi. Ama kuna fremu, nguzo na mihimili ya zege, chuma au mbao, na tofali linaziba nafasi tu. Kwa nyumba ya chini, ukuta wa kubeba unatosha. Huna haja ya msitu wa nguzo. Ukipanga kupandisha ghorofa baadaye, au unataka sebule pana, amua fremu tangu kwenye msingi. Niliwahi kuona jamaa amebomoa ukuta wa kati apanue sebule, bila kuweka mhimili. Dalili ya kwanza haikuwa ufa. Mlango wa chumba cha pembeni uligoma kufunga, fundi akaupiga randa mara mbili, kumbe dari lilikuwa linashuka.

Hatua ya 2: Tazama udongo. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukuta wa tofali juu ya msingi mwembamba utapasuka tu. Hapo jamvi la zege lenye nondo, yaani msingi mmoja mpana chini ya nyumba nzima, ni bora zaidi.

Hatua ya 3: Sasa chagua ukuta. Tofali la kuchoma linadumu, ila linakula kuni. Tofali la saruji ni la haraka, ubaya wake ni watu kubana saruji. Tofali la kufungamana, la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo (asilimia 5 hadi 10 hivi), halichomwi, na kwa kuwa tofali zinashikana zenyewe, linaokoa mota (mchanganyiko wa mchanga na saruji wa kuunganishia tofali). Siri yake iko kwenye mstari wa kwanza: huo unalazwa kwenye mota na kupimwa kwa pima maji, tofali kwa tofali. Ukikosea milimita chache pale chini, huna kiungo kinene cha mota cha kurekebishia huko juu, na kosa linapanda na ukuta.

Hatua ya 4: Angalia mikono uliyonayo. Mfumo mzuri kwa fundi asiyeujua ni mfumo mbaya.

MASWALI

*Mkuu, zege likikauka juu si naweza kutoa mbao zinazolishikilia?*

Hapana. Zege halikomai kwa kukauka. Saruji inahitaji maji ili ishike. Lifunike na ulimwagilie angalau siku 7. Nguvu inayohesabiwa ni ya siku 28. Mbao za pembeni mwa nguzo hutoka mapema, lakini miti iliyoshikilia slabu (sakafu ya zege ya juu) kwa chini isubiri neno la mhandisi.

*Kwa nini tusumbuke na nondo wakati zege ni gumu?*

Gumu kwa kukandamizwa. Likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mhimili ukilemewa, upande wa chini unavutwa, ndiyo maana nondo kuu hukaa chini. Kwenye kibaraza kinachochomoza bila nguzo mbele ni kinyume: nondo zinakaa juu. Mafundi wanaokariri hukosea hapo, na kibaraza hakikupi nafasi ya pili.

*Nyumba ya mbao si itateketea haraka?*

Vibanzi, ndiyo. Boriti nene huungua polepole, milimita 0.7 hivi kwa dakika, na mkaa unaojitengeneza nje hulinda kiini. Chuma kisichokingwa hakiungui, lakini kikifika nyuzi 600 hivi kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Mimi kwenye mbao nahofia zaidi mchwa na unyevu.

*Nimenunua nyumba kuukuu. Nitajuaje ukuta upi unabeba? Fundi kaugonga kasema hauna kitu.*

Kugonga hakutoshi, ndugu. Panda darini na tochi, uone kenchi na boriti zimekalia nini, kisha ushuke uangalie kama ukuta huo una msingi wake. Ukikuta kitu kimeukalia, usiuguse kabla mhandisi hajauona.