Somo: Utafiti wa upasuaji wa kinywa, taya na uso hapa Zanzibar, kuanzia rejista mpaka matokeo

Assalamu alaykum ndugu zangu wa vitengo vya meno, Unguja na Pemba. Somo hili wameliomba matabibu wa meno, madaktari walio mazoezini, na wenzetu wanaosomea ubingwa Muhimbili wanaotaka kuja nyumbani kukusanya data za tasnifu. Nitatumia mfano mmoja tu: kuvunjika kwa taya la chini. Ajali za bodaboda na vespa zinatuletea wagonjwa hawa mwaka mzima, kwa hivyo hakuna atakayesema hajawaona.

Hatua ya 1: Fungua rejista kabla ya kuandika mada

"Tathmini ya majeraha ya uso Zanzibar" ni kichwa cha habari. Swali la utafiti hulipati hapo. Kafungue rejista ya chumba cha upasuaji ya miezi 12 iliyopita uhesabu mivunjiko ya taya la chini mmoja mmoja. Kisha chukua rejista ya wodi na ya wagonjwa wa nje uzilinganishe. Hazitolingana, na kutolingana huko kuna faida yake. Mgonjwa aliyefungwa waya kwa sindano ya ganzi kwenye kiti cha meno hatoonekana kabisa kwenye rejista ya thieta, na ukitegemea kitabu hicho kimoja utaamini kwamba wagonjwa wote hulazwa na kupasuliwa.

Ukishajua unao wangapi, uliza kitu kimoja. Kwa mfano: mtu mzima aliyevunjika taya la chini akaanza kutibiwa baada ya saa 72 tangu kuumia, je, hupata usaha zaidi ndani ya wiki 6 kuliko aliyewahi? Swali hili linasema ni nani, analinganishwa na nani, kinachotazamwa ni nini na kwa muda gani. Tena lina maana kwetu, maana aliyeumia Micheweni, Pemba, akahitaji kupelekwa Unguja hategemei daktari peke yake, anategemea na boti. Tafiti za nje kuhusu kuchelewa na usaha hazikubaliani, kwa hivyo jibu la hapa halitokuwa marudio ya lililokwisha jibiwa.

Hatua ya 2: Chagua aina ya utafiti

Unaweza kurudi nyuma kwenye mafaili, unaweza kuwafuatilia wagonjwa kuanzia leo kwenda mbele, au unaweza kuwagawa kwa kura. Kwa swali letu kura haiwezekani. Humwambii mtu mwenye taya limevunjika "wewe umeangukia kundi la kusubiri".

Mafaili ni rahisi na ndiyo yanayokimbiliwa, lakini hebu fungua moja. Limeandikwa "ameanguka na vespa, taya limevunjika, amefungwa waya". Saa ya kuumia haimo. Kama amepewa antibayotiki kituo cha afya kabla ya kufika, hayamo. Sasa saa 72 utazihesabu kutoka wapi? Kwa maoni yangu, mtafiti mchanga afuatilie wagonjwa wachache kwenda mbele kwa fomu yake mwenyewe, kuliko mamia ya mafaili yasiyo na kile anachokitafuta.

Hatua ya 3: Amua utapima nini, na vipi

Hapa ndipo tafiti zetu nyingi zinapofia, kabla hata kisu hakijashikwa. Andika maana ya kila kitu kabla ya mgonjwa wa kwanza.

"Usaha" maana yake nini? Uvimbe wa siku ya tatu baada ya upasuaji si usaha, ni mwili unafanya kazi yake. Sema wazi, kwa mfano: usaha unaoonekana ukitoka kwenye kidonda au kwenye fizi, au tundu linalovuja, au mgonjwa kulazimika kutumbuliwa, ndani ya wiki 6. Madaktari wawili wakisoma maana hiyo wamtazame mgonjwa yule yule watoe jibu moja. Wajaribuni kwa wagonjwa kadhaa, kila mmoja peke yake, kisha mkokotoe kipimo cha kukubaliana kiitwacho kappa. Ikitoka ndogo, rekebisheni maana, msilaumiane.

Kama unapima na ufunguaji wa mdomo, tumia rula yenye milimita au kalipa. Mkalishe mgonjwa, kichwa kiegemee, mwambie afungue mpaka mwisho wa uwezo wake bila ya kumsaidia kwa mkono. Pima kutoka ncha ya jino la mbele la kati la juu mpaka ncha ya mwenziwe wa chini. Rudia mara tatu, na tangu mwanzo iwe imeandikwa kama utachukua wastani au kipimo kikubwa, usije ukachagua baadaye kinachokupendeza. Mtu mzima wa kawaida hufungua milimita 40 hivi na zaidi. Chini ya 35 wengi huhesabu kuwa mdomo umekaza. "Vidole vitatu" ni sawa kwa kliniki yenye foleni, lakini kwa utafiti vidole vya nani? Asiye na meno ya mbele utampimaje? Nalo liandikwe. Na aliyefungwa waya huwezi kumpima siku ya 7. Kipimo kipange baada ya kufunguliwa, na kwa watu wazima hiyo huwa kama wiki 4 mpaka 6.

Ganzi ya mdomo wa chini lazima itazamwe kabla ya kumgusa mgonjwa. Mfumbe macho, gusa mdomo na kidevu kwa ncha ya pamba, kushoto na kulia, aseme anasikia wapi. Kama hukupima kabla, ukikuta ganzi baada ya upasuaji hutojua imeletwa na ajali au na skrubu zako.

Mwisho, orodhesha vinavyoweza kukuchanganya: jino lililo kwenye mstari wa ufa, sigara, kisukari, idadi ya mivunjiko, waya au pleti, antibayotiki za mwanzo. Anayechelewa mara nyingi hana uchelewaji peke yake.

Hatua ya 4: Idadi ya wagonjwa

Ukitaka kujua kiwango tu, yaani wangapi hupata usaha, hesabu ni hii: 1.96 kipeo cha pili, mara p, mara (1 − p), gawa kwa d kipeo cha pili. Tuseme unakisia 3 kati ya 10 (hiyo ndiyo p, 0.3), na unakubali kukosea kwa asilimia 10 juu au chini (hiyo ndiyo d, 0.1). Ni 3.84 × 0.3 × 0.7 ÷ 0.01, unapata 81. Ukitarajia asilimia 10 wasirudi, gawa 81 kwa 0.9: wagonjwa 90. Kulinganisha makundi mawili kunataka fomula nyengine na mara nyingi watu zaidi. Kama rejista imekuonyesha wagonjwa 40 kwa mwaka, ama uongeze muda, ama ushirikiane na spitali nyengine, ama ulipunguze swali. Ile 384 inayonakiliwa kila tasnifu inatokana na p ya 0.5 na kosa la asilimia 5. Haikuteremshwa.

Hatua ya 5: Kibali, ridhaa na picha

Afya si jambo la Muungano. Kibali cha chuo chako Bara hakikutoshi hapa; pendekezo lako lipite Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHREC, kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Kisha uongozi wa spitali yenyewe. Yote hayo kabla ya data ya kwanza, hata ya mafaili. Kama unajaribu dawa, waulize na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar mapema, na utafiti wowote wa kura usajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza. Rejista ya Afrika nzima ya majaribio hayo, PACTR, ipo kwa ajili hiyo.

Fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili cha watu, si cha kamusi. Msomee bibi yeyote asiye wa kazi yetu, akikuuliza "ndiyo nini?" mara mbili, andika upya. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu yako, aweke dole gumba. Wa chini ya miaka 18 ataridhiwa na mzazi, na mwenyewe naye aulizwe.

Sasa picha, maana sisi kazi yetu ni uso. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu. Visiwa hivi ni vidogo, jeraha, kovu na umbo la kidevu vinatosha mtu kusema "huyu si mtoto wa fulani?" Picha inataka ridhaa yake peke yake: moja ya kupigwa kwa matibabu, nyengine ya kuchapishwa, na akubali moja akatae nyengine bila ya kununiwa. Mwanamke anayejisitiri apigwe na mwanamke mwenzake, na ukate picha ibakie sehemu inayohitajika tu. Na isikae kwenye simu yako pamoja na picha za harusi, wala isipite kwenye kundi la WhatsApp la kazini.

Hatua ya 6: Kumrudisha mgonjwa

Akishakula vizuri, mgonjwa wa taya harudi. Chukua namba mbili za simu, yake na ya jamaa anayekaa naye, na umuombe ruhusa ya kumpigia jamaa huyo. Kumtafuta kupitia sheha ni mwisho kabisa, na iwe ameridhia tangu mwanzo. Si kila mtu anataka shehia nzima ijue kwamba anaitwa spitali. Miadi usiipange kibubusa: angalia Ramadhani na sikukuu, na kwa mtu wa Pemba ifungamanishe na siku anayokuja kufunguliwa waya, asipande boti mara mbili. Nauli ya kurudi iingie kwenye bajeti na kamati iione. Kumrejeshea mtu nauli si kumhonga.

Waliopotea waandike. Kama waliopotea wengi ni wa kundi la waliochelewa, msomaji ana haki ya kujua.

Hatua ya 7: Kuchambua na kuandika

Data iingizwe mara mbili na watu wawili. Kwanza toa majedwali mepesi. Ukitaka uchambuzi wa vipengele vingi kwa pamoja, kumbuka kanuni ya kukadiria: kama matukio 10 kwa kila kipengele kimoja. Ukiwa na wagonjwa 12 tu waliopata usaha, usirundike vipengele vinane. Kwa kuandika, fuata STROBE ya mwaka 2007, yaani orodha ya mambo ya kutaja unaporipoti utafiti wa kufuatilia au kutazama tu, usio wa kura. Ya bure, na wahariri wanaijua.

Maswali ya wanachama

*Wa Chake Chake: Dokta, kesi zangu nyingi nazipeleka Unguja. Mimi wa huku nitafiti nini?*

Wewe ndugu yangu unazo zile saa za mwanzo ambazo sisi wa Unguja hatuna. Saa ya kuumia, saa ya kufika kwako, alichopewa, alisafiri lini, kwa nini alichelewa: nauli, boti, au alianzia kwa mtu wa kukanda? Karatasi moja ya rufaa iliyojazwa vizuri na kunakiliwa ni nusu ya ule utafiti wa saa 72 niliouelezea hapo juu. Tushirikiane na jina lako liwemo kati ya waandishi, ukishiriki na katika kuandika.

*Mgonjwa akisema "nyinyi ndiyo mnaojua, fanyeni tu", hiyo si ridhaa?*

Hiyo ni heshima. Mwambie arudie kwa maneno yake: anaulizwa nini, na akikataa itakuwaje. Akijibu "nikikataa sitotibiwa", hajaelewa bado. Ni bora ridhaa iombwe na mwengine, si wewe utakayemshikia kisu.

*Mwalimu, nataka kutafiti tambuu na mdomo kukaza. Nianzie wapi?*

Mada nzuri, dada. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 2004. Usiulize "unatafuna tambuu?" ukaishia hapo. Uliza ndani mna nini: popoo, chokaa, tumbaku. Uliza mara ngapi kwa siku, miaka mingapi, hulazwa shavu gani, anameza au anatema, analala nayo? Uliza faraghani, mama hatokwambia mbele ya mkwewe. Kisha pima mdomo kama nilivyoeleza na upapase mashavu kwa kidole uzitafute kamba ngumu. Kidonda au doa la kutiliwa shaka likatwe kipande kipimwe, hilo si la kusubiri utafiti. Na angalia: ukiwakuta wenye mdomo uliokaza hawatafuni sasa, huenda wameacha kwa maumivu. Uliza na zamani.

*Takwimu zinanitisha. Naweza kumlipa mtu?*

Unaweza. Lakini aje kabla ya data, akuone na fomu yako. Akija mwisho atakuzika tu.

*Mimi nina mgonjwa mmoja, uvimbe wa ameloblastoma umechukua nusu ya taya. Hiyo ni utafiti?*

Ni ripoti ya mgonjwa mmoja, inaandikika, lakini uvimbe huo unajulikana sana Afrika, na ukubwa peke yake hauna jipya. Uliza ana nini wengine hawana: umri, mahali ulipoanzia, namna mlivyomrejeshea taya? Ridhaa ya maandishi ya kuchapisha lazima, hata kama ni jirani yako. Tena usiharakishe. Ameloblastoma hurudi hata baada ya miaka, khasa iliyokwanguliwa tu bila ya kukatwa na pambizo ya mfupa mzima. Ukiandika miezi mitatu baada ya upasuaji kwamba "amepona", mhariri atakurudishia. Mpangie picha ya eksirei kila mwaka, na fungua daftari la uvimbe wote wa taya unaopita kitengoni kwenu, yeye awe wa kwanza.