Kompyuta inachemka? Tafuta kwanza joto limekwamia wapi

Feni zinavuma hata ukiwa unaandika barua tu, mchezo unaanza vizuri halafu unakwamakwama, na baadaye mashine inajizima ghafla. Wengi wakifika hapo hukimbilia kubadilisha pesti ya prosesa, yaani ile krimu inayopakwa kati ya chipu kuu ya kompyuta na chuma kinachoipoza. Nakuomba usikimbilie. Nimefungua kompyuta nyingi zenye shida hii, na mara nyingi pesti nimeikuta nzima kabisa.

Joto lina njia yake. Linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye kipozajoto, yaani lile bonge la chuma lenye mapezi membamba, feni inalipuliza, kisha linatoka nje kupitia matundu ya keisi. Mahali fulani katika njia hiyo pameziba. Unaweza kujua ni wapi kabla hujashika bisibisi.

Hatua ya 1: Pima

Usitegemee kiganja. Keisi inaweza kuwa ya baridi huku prosesa inaungua. Kwenye Windows weka programu ya kusoma joto kama HWiNFO au Core Temp. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors, kisha andika amri ya sensors.

Iache mashine dakika kumi bila kazi, usome. Prosesa ya kompyuta ya mezani iliyotulia kwa kawaida hukaa kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi. Kwenye kazi nzito, 60 hadi 85 hainitishi. Laptopu hupanda zaidi ya hapo. Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi ili zisiungue, na huko ndiko kukwamakwama unakokuona. Joto likizidi hapo, mashine inajizima kujiokoa. Lakini soma kikomo cha prosesa yako kwa mtengenezaji kabla ya kuogopa: Ryzen (prosesa za AMD) za mfululizo wa 7000 zimebuniwa kufika nyuzi 95 zikibebeshwa mzigo mkubwa.

Ikiwa joto liko juu na wewe hufanyi chochote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, upange programu kwa matumizi ya CPU, yaani prosesa. Huenda kuna programu inayoitumikisha prosesa kimyakimya. Ifunge hiyo kwanza.

Hatua ya 2: Tazama joto linavyopanda

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Weka vipimo upande mmoja wa skrini, anzisha kazi nzito kama Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, upande wa pili, na uangalie saa.

Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, na prosesa yako si ya zile zilizobuniwa kufika 95, kwa kawaida kosa liko karibu na prosesa: pesti imekauka, kipozajoto kimelegea, au, kama unapoza kwa maji, pampu imekufa. Feni na vumbi havihusiki hapo, kwa sababu kile chuma hakijapata hata muda wa kushika moto.

Likipanda polepole, dakika kumi, kumi na tano, bila kutulia, basi pesti inafanya kazi yake. Joto linafika kwenye chuma lakini halipati pa kutokea. Hilo ni tatizo la hewa.

Sasa fungua ubavu wa keisi, urudie jaribio lilelile. Joto likishuka nyuzi nane au kumi, keisi inakosa hewa. Lisiposhuka, kagua kipozajoto na feni yake.

Hatua ya 3: Hewa

Anza na vitu vya bure. Itoe kompyuta ndani ya kabati, isogeze mbali na ukuta. Laptopu usiiweke juu ya kitanda wala mto. Matundu ya hewa mara nyingi yako tumboni mwake.

Kisha vumbi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, na uguse chuma tupu cha keisi. Tumia blowa au kopo la hewa iliyoshindiliwa. Kopo liwe wima, maana likipinduliwa linatema kimiminika baridi. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Feni ikizungushwa kwa kasi isiyo yake, beringi zake huharibika. Mashine ya kufyonzea vumbi la nyumbani iache, kwa sababu huzalisha umemetuli unaoweza kuua vipuri.

Vumbi baya zaidi halionekani kwa juu. Hujishona kama blanketi katikati ya feni na mapezi, na ukichungulia unaona feni safi kabisa. Ing'oe feni utazame chini yake. Kwenye laptopu blanketi hilo hukaa pale hewa inapotokea, na ukipuliza kutoka nje unalirudisha tu kwenye feni. Ukiweza, fungua mfuniko wa chini ulitoe lote.

Feni za mbele ziingize hewa, ya nyuma itoe. Hewa hutokea upande wenye vile vijiti vya fremu vinavyoshikilia mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha tishu uone kinavutwa au kinasukumwa.

Hatua ya 4: Pesti, kama hatua ya 2 imekuelekeza huku

Washa mashine dakika tano pesti ilainike, kisha zima na uchomoe. Legeza skrubu, zungusha kipozajoto kidogo kushoto na kulia, ndipo ukiinue. Kwenye Ryzen za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 hili si la hiari: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukivuta kwa nguvu inaweza kung'oka ikiwa imeganda kwenye kipozajoto, pini zikapinda.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi. Weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Kama kipozajoto ni kipya, hakikisha umebandua karatasi ya plastiki chini yake. Nimewahi kuikuta bado ipo kwenye mashine iliyotumika hivyo kwa miezi. Kaza skrubu kwa mshazari, mizunguko michache kila moja kwa zamu, na urudishe waya wa feni kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN kwenye ubao mkuu.

Kwenye laptopu, vile vipande laini vilivyo juu ya memori ya kadi ya picha usivibadilishe kwa pesti. Vinajaza pengo ambalo pesti haiwezi kulifikia.

Mambo mawili usiyaguse

Pawa saplai usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake hubaki na chaji inayoweza kukudhuru. Na ukikuta betri ya laptopu imevimba, simama hapohapo, usiichaji, mpelekee fundi.

Hatua ya 5: Pima tena

Rudia jaribio la hatua ya 2 kwa kazi ileile na muda uleule, ulinganishe namba. Kumbuka chumba chenyewe: kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo hupanda takribani tano.

Kama ni laptopu na bado inachemka baada ya kusafishwa, ingia Power Options kwenye Windows, weka Maximum processor state iwe asilimia 99. Kwenye prosesa nyingi hilo huzuia ile kasi ya ziada; utapoteza wepesi kidogo, joto litashuka sana.

Na kama umebadilisha pesti lakini joto bado linaruka ndani ya sekunde, kipozajoto hakijakaa sawa. Kiinue tena utazame alama ya pesti. Ikiwa imetandaa upande mmoja tu, ule mwingine ndio haugusi, na skrubu za upande huo ndizo za kuanza nazo.