Kufundisha fonimu za Kiingereza katika darasa la Bukavu, Kongo

Fonimu ni sauti inayoweza kubadilisha maana ya neno. Usianze na Kiingereza. Andika ubaoni pata na bata: sauti moja imebadilika, maana pia. Hiyo ndiyo jozi mlinganuo finyu, na mwanafunzi ameielewa kabla ya kusikia jina lake.

Sasa andika ship (meli) na sheep (kondoo). Kazi iko hapa. Kiswahili kina irabu 5, na Kifaransa cha shuleni kina i moja tu, kwa hiyo sikio husikia neno lilelile. Kosa kubwa la walimu ni kusema tofauti ni urefu peke yake. Mwanafunzi huvuta i yake ileile na hafiki popote. Kwa ship ulimi hushuka kidogo na midomo hulegea. Kwa sheep ulimi hupanda, midomo hutanuka.

Sikio kwanza, kinywa baadaye. Geukia ubao wasione midomo yako, tamka mara 10 ukichanganya, nao wainue kidole 1 kwa ship au 2 kwa sheep. Wakikosa zaidi ya mara 2, rudia kabla ya kuwaruhusu watamke. Jozi 3 kwa kipindi zinatosha.

Alofoni, yaani namna tofauti za kutamka fonimu ileile bila kubadilisha maana, ni rahisi zaidi: shika karatasi mbele ya mdomo. P ya pin huitikisa, ya spin haiitikisi, lakini ni fonimu moja.