Kazi za Krismasi Moshi: mtafute mteja akiwa bado Dar

Mteja mkubwa wa Desemba mkoani Kilimanjaro hayupo Kilimanjaro mwezi wa Novemba. Yuko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, anasubiri shule zifungwe apakie watoto, aende "kuhesabiwa", yaani kula sikukuu na ukoo wake, Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Akifika tarehe 22 hana muda wa kulinganisha mafundi: atamchukua yeyote atakayetajwa na binamu yake. Fundi bomba, fundi umeme, mwosha makapeti, fundi rangi, msusi au mwenye maturubai anayetundika bango tarehe 20 Desemba amechelewa mwezi mzima.

Hesabu nafasi kabla ya kutangaza

Chukua kalenda, weka alama kati ya tarehe 1 na 23 Desemba. Ondoa Jumapili na tarehe 9, siku ya Uhuru, kama vijana wako hawafanyi kazi siku hiyo. Tuseme zimebaki siku 18. Timu moja ya watu wawili inayopanda mlimani humaliza kazi 2 kwa siku, maana njia za vijijini huteleza mvua za vuli zikinyesha na bodaboda au kirikuu (kigari cha mizigo) hupoteza muda. Hizo ni nafasi 36. Weka 6 pembeni kwa dharura: bomba lililopasuka, soketi iliyoungua. Uza 30, basi. Wengi huharibu hapa: wanapokea kila simu, halafu tarehe 21 wanazima simu. Jina linalochafuka wiki ya Krismasi huchafuka mbele ya ukoo mzima, kwa sababu wote wapo nyumbani na wote wanazungumza.

Bei nayo igawe kwa umbali: mjini (Majengo, Pasua, Soweto), tambarare, na juu mlimani. Usafiri uingize ndani ya bei. Mteja aliye Dar hajui nauli ya kupandisha ngazi na vifaa vyako hadi kijijini kwao, na akiongezewa pesa baada ya kukubaliana anahisi ametapeliwa.

Punguzo liweke tarehe 1 hadi 12 tu. Kupunguza bei wiki ambayo tayari unakataa kazi ni kutupa pesa. Kuanzia tarehe 13 toza bei kamili, na useme hivyo tangu Novemba ili asiwepo wa kulalamika.

Ujumbe wa kwanza: kati ya tarehe 5 na 20 Novemba

Pitia simu yako na daftari la risiti, utoe majina ya wote uliowafanyia kazi miaka miwili iliyopita. Majina 60 ya watu wanaokujua yana thamani kuliko vipeperushi 1,000. Watumie mmoja mmoja. Orodha ya kutangaza ya WhatsApp huchukua watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengine hawaoni kitu, na wewe unabaki kudhani wamekudharau.

Ujumbe uwe hivi (bei ni ya mfano):

"Shikamoo mama. Ni fundi niliyefunga tanki nyumbani Kibosho mwezi wa nane. Mkija Krismasi, maji yawe yanatoka siku mnayofika. Tunakagua bomba na koki zote, tunaosha tanki la lita 1,000 na kujaribu hita: Sh 45,000, usafiri umo humo. Nimebakiwa na tarehe 4, 8 na 11 Desemba. Nikuwekee ipi?"

Salamu kwanza, kisha kazi anayoikumbuka, kisha bei kamili, kisha tarehe tatu za kuchagua. Ukiandika "karibu sana kwa huduma bora" atajibu asante, na mazungumzo yataishia hapo.

Akikubali, muulize swali ambalo mafundi wengi hulisahau: ufunguo uko kwa nani? Mara nyingi uko kwa bibi, shangazi au kijana anayelisha ng'ombe. Chukua jina na namba yake, na umwombe mteja mwenyewe ampigie kumwarifu. Bila hiyo simu utafika getini na kurudishwa, na nafasi moja kati ya 30 imekufa.

Omba asilimia 30 ya kutanguliza ili tarehe ishikwe. Tumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja huona jina kabla ya kuthibitisha muamala, na likitokea jina la mtu asiyemjua anaghairi, na ana haki. Andika pia masharti ya kurudisha: akiahirisha siku 5 kabla, pesa inarudi yote; chini ya hapo inahamia tarehe nyingine.

Picha zinazouza

Siku ya kazi, simama sehemu ile ile upige picha kabla na baada, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha video ya sekunde 20 hivi: koki inafunguliwa, maji yanatoka, ufunguo unakabidhiwa kwa bibi. Mtumie mteja siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe ataituma kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo kazi ya pili na ya tatu hutokea. Kwenye stetasi yako iweke ukishaomba ruhusa tu, na namba ya nyumba au geti linalotambulika lisionekane. Nyumba isiyo na watu haitangazwi.

Kwa wapiga picha, wapishi na wenye maturubai njia ni tofauti kidogo. Tarehe za kipaimara na komunio hupangwa na parokia au usharika, hivyo ulizia mapema ofisini, kisha zifuate familia na kamati zao. Kamati huamua kwenye kikao, basi peleka karatasi moja yenye bei ya viti 100, 200 na 300, pamoja na siku ya kufunga na kufungua.

Mabango na Google

Bango likae mahali mteja anaposhukia. Watu wa Marangu na Rombo wakitoka Dar huachana na barabara kuu pale Njia Panda ya Himo, wala hawafiki Moshi mjini. Bango la Mnara wa Saa hawalioni. Uliza halmashauri kuhusu ushuru wa mabango kabla hujachapisha.

Kwenye wasifu wa biashara wa Google, weka saa maalumu za tarehe 25, 26 na 1 Januari. Usipozibadilisha, ramani itasema uko wazi, mtu atakuta mlango umefungwa, atakupa nyota moja. Uhakiki wa wasifu mpya unaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo ufungue Oktoba.

Tarehe 27 Desemba hadi 5 Januari

Huu ndio muda pekee mwenye nyumba yupo na ana nafasi. Pita ukague kazi uliyofanya, bila malipo, dakika kumi tu, ukiwa na daftari. Atakuonyesha paa linalovuja na choo cha nje kinachotaka kujengwa upya. Andika, pima, mpe makadirio kabla hajaondoka. Kisha bandika stika yenye jina, kazi na namba yako ndani ya mlango wa kabati la jikoni au kando ya mita ya LUKU. Pembeni ya tanki jua na mvua huifuta kabla ya Pasaka.